Fimbo Moja kwa Vyambo Vyote? Maswali ya Wavuvi wa Besi

Karibuni tena ukumbini. Barua za safari hii nyingi ni za besi, yule samaki wa maji baridi mwenye mdomo kama mlango wa stoo, na karibu zote zinauliza nichukue fimbo gani kwa chambo bandia gani. Nimechagua chache, kama yako haipo soma tu za wenzako, jibu lako utaliokota humo humo.

Habari kaka. Mi ni mwenyeji wa Mombasa, sasa naishi Fort Worth, Texas. Nyumbani nilikuwa navua kwa mshipi wa mkono, mambo ya fimbo nimeyakuta huku. Nina fimbo moja ya futi 7, imeandikwa MH Fast (nguvu kati ya wastani na kubwa, mkunjo wa nchani), dukani waliniambia hii inabeba kila kitu. Kwa mdudu wa plastiki sina malalamiko, samaki akishika ni wangu. Lakini nikifunga krankibeti, kile kisamaki kigumu cha bandia, besi anashika vizuri, tunavutana, akifika karibu na boti anaruka, anatikisa kichwa, kaenda. Washkaji wanasema sikazi vya kutosha, na nikikaza zaidi ndo wanazidi kutoka. Tatizo ni mimi au fimbo?
*Mshipi wa Mkono, Fort Worth*

Tatizo ni fimbo kaka, na hao washkaji waambie wanyamaze kidogo.

Watu wengi wakichagua fimbo wanaangalia samaki, ana kilo ngapi, ana nguvu kiasi gani. Mimi nakwambia angalia ndoana kwanza. Shika hiyo krankibeti yako uitazame chini, ina ndoana mbili za ncha tatu tatu, waya wake mwembamba, ncha fupi. Ndoana hiyo haihitaji nguvu kuingia, inaingia yenyewe samaki anapoibana, ila inaingia juu juu, mara nyingi kwenye ngozi ya pembeni ya mdomo. Sasa fimbo yako ya fasti inakunjika kwenye ncha tu, chini ya hapo ni ngumu, kwa hiyo samaki akiruka karibu na boti na mshipi umebaki mfupi hakuna kitu cha kupokea ule mtikisiko, mara mshipi unalegea mara unakazika kwa nguvu, tundu linapanuka, ndoana inachomoka. Na wewe ukikaza zaidi ndo unalipanua hilo tundu kwa mkono wako mwenyewe.

Kingine ambacho hukukitaja ila nina uhakika kinakutokea, kuna wale wanaogonga tu halafu hawashiki. Krankibeti unaivuta muda wote, samaki anaikimbiza na kuinyonya ndani, fimbo ngumu inaipokonya kabla hajafunga mdomo. Fimbo inayokunjika mpaka katikati inamwachia nukta moja ya kuifunga.

Mdudu wa plastiki ni kinyume chake kabisa. Ile rigi ya Texas, ndo ufungaji wa kawaida wa mdudu huyo, ina ndoana moja, nene, imefichwa ndani ya plastiki, kwa hiyo ukivuta lazima ipite kwanza kwenye plastiki halafu ndo itafute mfupa wa taya. Hapo unataka fimbo yenye mgongo, na hiyo MH Fast yako ndo mahali pake. Duka halikukudanganya sana, ni fimbo nzuri, ila "kila kitu" ni neno la mtu anayetaka kufunga hesabu.

Kwa krankibeti chukua futi 7, nguvu midiamu, yani ya wastani, mkunjo wa modereti, yani inakunjika mpaka katikati. Zile za faibaglasi au mchanganyiko wa faibaglasi na grafiti ndo zinapendwa na zina sababu, zinakunjika taratibu. Ukienda kwenye krankibeti za mdomo mrefu, kile kibamba cha mbele kinachozizamisha, zile zinazozama futi 15 na zaidi, ongeza urefu, futi 7 na nusu hivi, manake kadiri unavyorusha mbali ndo inapata muda wa kushuka mpaka chini. Rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, iwe ya polepole, tano kwa moja na kidogo, yani ukizungusha mkono mara moja gurudumu linazunguka mara tano hivi, hizi za kasi zitakuchosha mkono bure. Mshipi floro, ule usioonekana sana majini, wa paundi 10 au 12, yani uzito unaouhimili. Na ukiguswa usivute ghafla, endelea kuzungusha, peleka fimbo pembeni, basi.

Kama pesa bado, ipo dawa ya muda. Toa bredi, ule mshipi wa nyuzi za kusukwa, kama ndo uliyofunga, bredi hainyumbuki hata kidogo, weka mono, ule wa uzi mmoja wa nailoni, mono inanyumbuka na itafanya nusu ya kazi ambayo fimbo yako haiwezi. Legeza breki ya rili kidogo. Badilisha zile ndoana zilizokuja na chambo ukiona zimekuwa butu, jaribu kwenye kucha, isipong'ata kucha haitang'ata samaki.

Halafu kuna ile krankibeti bapa isiyo na mdomo, ya kuvuta juu ya majani ya chini ya maji. Ile ikinasa unataka kuichomoa kwa nguvu, na mara nyingi samaki anaigonga pale pale inapochomoka. Hapo fimbo laini sana inakuangusha, mi naona MH ya modereti ndo suluhu, wengine watabisha.

Na soma maandishi madogo juu ya mshikio kaka, watu hawayasomi. Ikiandikwa aunsi 1/4 mpaka 3/4 maana yake gramu 7 mpaka 21, na uzito huo ni wa kila kitu ulichofunga, jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi, ya nusu aunsi ukiibandika mkia wa plastiki si nusu aunsi tena. Ukizidisha sana unaweza kuvunja fimbo, ukipunguza sana haitarusha.

Kwa kuwa uko Fort Worth, Lake Fork iko mashariki ya Dallas, si safari ya kulala njiani. Rekodi ya Texas ilitoka huko Januari 1992, besi wa paundi 18.18, na aliyemtoa wala hakuwa anatafuta besi, alikuwa anavua krapi, samaki mdogo kuliko besi, kwa kisamaki hai! Sisi huku tunabishana mkunjo wa fimbo. Ila ukienda pima samaki wako, besi wa inchi 16 mpaka 24 pale anarudishwa majini, na sheria za mwaka husika zisome kabla, usije ukasema ni mimi nilikwambia.

Sasa mkuu. Niko Nakuru, wikendi nikipata nafasi nateremka Naivasha. Binamu yangu karudi kutoka Marekani kaniletea vyura wa plastiki na jigi kadhaa, fimbo hakuleta. Nina fimbo yangu laini ya spini, ile yenye rili inayoning'inia chini ya fimbo, ninayovulia tilapia. Magugu maji yako kila mahali. Nianzie wapi?
*Kijana wa Nakuru*

Anza kwa kuiacha hiyo fimbo ya tilapia nyumbani siku ya kurusha chura, utaivunja.

Chura wa plastiki anatembea juu ya magugu, ndoana zake mbili nene zimelala mgongoni zisinase. Besi anapasua magugu kutoka chini, anamchukua, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzama kwenye mizizi. Kwa hiyo huvuti samaki peke yake, unavuta samaki na furushi la magugu linaloweza kuwa zito kuliko yeye, na una sekunde chache za kumgeuza kichwa. Hapo hakuna adabu. Futi 7 na inchi 3 au zaidi, nguvu hevi, yani kubwa, mkunjo fasti, rili ya kasi saba kwa moja kwenda juu, bredi ya paundi 50 mpaka 65. Mono hapa usiniambie, itanyumbuka na magugu yatakushinda. Ukiona maji yamelipuka usivute hapo hapo, vumilia mpaka usikie uzito mkononi, ndo ukaze kwa mwili mzima. Kuvumilia ni kugumu kuliko kununua fimbo.

Jigi ndo kitu ninachokupendekezea zaidi Naivasha, na sababu ni chakula. Kreifishi, yule kamba mwekundu mwenye makucha asili yake kusini mwa Marekani, aliingizwa ziwani mwaka 1970, na besi mwenyewe aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa burudani. Yani wale wawili ni majirani wa zamani waliokutana tena ugenini. Besi anamjua kreifishi, anamla, kwa hiyo jigi ya kahawia au ya wekundu wa giza, na mkia wa makucha ya plastiki, ukiiburuza taratibu chini pembeni ya mafunjo ina maana kabisa. Jigi ina ndoana moja nene pamoja na kile kinga cha nyuzi za kuzuia kunasa, na hicho kinga nacho lazima ukikunje ndo ndoana ifike mdomoni, ndo maana inataka fimbo ngumu. MH au hevi, fasti, floro ya paundi 15 mpaka 20.

Ukiniambia pesa ni ya fimbo moja tu, nunua futi 7 na inchi 3, MH iliyo ngumu ngumu, fasti. Chura itambeba hata kama si kwa raha, jigi itaibeba vizuri. Hiyo laini yako nayo usiitupe, siku maji yametulia kaa nje ya magugu, rusha visamaki vidogo laini vya plastiki kwenye kichwa cha risasi cha gramu 3 au 5, au kile kibati kinachozunguka, utapata besi wadogo wadogo na utacheka.

Halafu kiboko. Najua unajua, ila nasema. Usipite kwa miguu kwenye mafunjo kutafuta mahali pa kurushia, na asubuhi na jioni ndo mbaya zaidi. Chukua boti na dereva wa pale pale, akisema hapa hatuingii usimbishie hata kama umeona besi analipuka. Na leseni uwe nayo mfukoni.

Kaka yetu wa ukumbi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuko Minneapolis, kiangazi tunapanda ziwa la Mille Lacs kutafuta besi wa mdomo mdogo. Yeye anatumia ile rili ya juu ya fimbo, baitikasta, anasema spini ni ya watoto. Nikirusha ya kwake vyambo vyangu vidogo havifiki popote na mshipi wote unavurugika. Nilazimishe au niendelee na spini?
*Mama Mawili, Minnesota*

Marahaba dada. Baki na spini, na hii barua mwachie shemeji mezani aisome.

Sababu ni ya kimakenika tu. Kwenye baitikasta gurudumu la mshipi linazungushwa na uzito wa chambo chenyewe kinapokwenda. Chambo chepesi hakina nguvu ya kulizungusha sawasawa, unaongeza nguvu ya mkono, gurudumu linazunguka kuliko chambo kinavyokwenda, mshipi unamwagika, unakaa unafumua mafundo wenzako wanavua. Kwenye spini gurudumu limesimama, mshipi unachomoka tu. Chini ya robo aunsi, yani gramu 7, spini ndo mwenyewe, na wavuvi wa mashindano wanazo botini, uzoefu si kitu kinachokutoa kwenye spini.

Wewe fimbo yako iwe futi 6 na inchi 10 au 7 kamili, midiamu laiti (kati ya nyepesi na wastani) au midiamu, fasti. Bredi ya paundi 10, mbele yake funga futi kadhaa za floro ya paundi 8 kwa sababu maji ya kule ni maangavu. Hiyo itabeba dropushoti (chambo juu, risasi mwishoni mwa mshipi), itabeba nedi (kipande kifupi cha mdudu wa plastiki kwenye kichwa kidogo cha risasi), itabeba tyubu ndogo (plastiki yenye uwazi ndani) kwenye mawe. Ndoana za dropushoti ni nyembamba, unainua tu fimbo na kuzungusha, ukivuta kama unang'oa muhogo utakata floro.

Mkubwa, kwa popa inayorukaruka juu ya maji fimbo fupi au ndefu? Niko Atlanta.
*Wa Alfajiri*

Fupi. Futi 6 na nusu mpaka 6 na inchi 10, midiamu, isiwe ngumu sana kwenye ncha kwa sababu popa nayo ina zile ndoana za ncha tatu. Unaichezesha fimbo ikiwa imeelekea chini, ndefu itakuwa inachapa maji kila ukitikisa, hasa kama wewe si mrefu au umekaa kwenye kayaki. Tumia mono, floro inazama na itakuvutia popa pua chini. Na uko Georgia bwana, rekodi ya dunia ya paundi 22 na aunsi 4 ilitoka huko mwaka 1932, ikaja kufikiwa Japani 2009, kwa hiyo amka mapema.

Kuna fimbo za dola 50 na za dola 300, macho yangu hayaoni tofauti. Pesa iende wapi?
*Mchumi*

Iende kwenye fimbo ya jigi na ya dropushoti. Huko samaki anashika kwa kugusa tu, na grafiti nzuri nyepesi inakuletea huo mguso mpaka kiganjani, ya bei ndogo inaumeza njiani. Ya krankibeti usihangaike, chambo chenyewe kinatetemeka muda wote na samaki anajishika, faibaglasi ya bei nafuu inatosha sana. Ya chura nayo vile vile, unataka ugumu tu. Pale dukani omba wakufungie rili utakayotumia, ishike kama unavyovulia, uone kama ncha inakulalia chini mkono uchoke kabla ya saa sita. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila kipete cha mshipi, ikinasa nyuzi kuna ufa, waambie wakupe nyingine.