Woga kwenye Cessna 172: jua kwanza unaanzia wapi

Mkuu, umesema unajifunza kurusha Cessna 172 pale Wilson, Nairobi, na viganja vinalowa jasho tangu unapofunga mkanda, mpaka unafikiria kuacha. Usiache kwanza. Tafuta woga wako unaanzia sehemu gani ya safari. Mkishazima injini, kabla hujashuka, andika: ni kwenye kuruka, kwenye kona, kwenye mtikisiko, au pale mwalimu alipopunguza nguvu ghafla? Kwa wengi ni sehemu moja au mbili tu, na kila moja ina sababu inayoelezeka.

Kwa Wilson, wengi huanza kuogopa kwenye kuruka, na wana haki. Uwanja uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni ya kawaida ya anga, kimo hicho kingekuwa na nyuzi 4 za joto. Mchana wa nyuzi 26, hewa ni nyepesi kana kwamba uko zaidi ya futi 8,000, na injini isiyo na tabo inakuwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndege iliyozoea kupanda futi 700 kwa dakika kule pwani, hapa inaweza kukupa 400 au pungufu. Ukiwa hujui hilo, utaona njia ya kurukia inaisha na ndege haitaki kunyanyuka, utavuta usukani mapema, king'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba ndege kitalia, na hapo moyo ndio unaondoka kabisa. Dawa ni hesabu. Kabla ya kwenda kwenye ndege, fungua jedwali la kitabu cha ndege, tafuta unahitaji urefu gani wa njia kwa joto na uzito wa siku hiyo, kisha chagua alama pembeni ya njia: kama hapo hujafikisha kasi mliyokubaliana na mwalimu, unakata nguvu na kufunga breki. Ukishakuwa na alama, hubaki kukisia. Kile kishikizo chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa nacho kirekebishwe mkiwa bado chini. Ukikiacha kimesukumwa mpaka mwisho kwa kimo kile, injini inapata mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, inakohoa na kudhoofika, na mwanafunzi anadhani imeharibika.

Wakati huohuo pua itavuta kushoto, kwa sababu ya mzunguko wa pangaboi la mbele. Ni pedali ya kulia tu inayotakiwa. Shida ni kwamba mtu mwenye woga hukaza miguu yote miwili, basi pedali hazisogei. Chezesha vidole ndani ya viatu kabla ya kusukuma nguvu.

Mikono ndiyo habari kubwa zaidi. Ukikamata usukani kwa ngumi, huwezi kuhisi ndege inakuambia nini, na kila mtikisiko wa bega lako unaingia kwenye mabawa. Unasahihisha kosa ulilolifanya mwenyewe, unalisahihisha tena, mpaka unachoka. Pitisha penseli juu ya kidole cha shahada, chini ya cha kati, juu ya cha pete, halafu shika usukani. Ukikaza tu, itakuumiza. Halafu tumia trimu, lile gurudumu dogo chini ya dashibodi, kwa mpangilio huu: weka pua unapoitaka, weka nguvu, subiri kasi itulie, ndipo uzungushe mpaka mkono usiwe unasukuma wala kuvuta. Fungua kiganja. Ndege ikibaki ilipo, umemaliza. Wanaozungusha trimu kabla kasi haijatulia huizungusha safari nzima.

Stoli, yaani mabawa kuacha kubeba ndege, inaogopwa kuliko inavyostahili. Injini haizimiki, bawa limeinuliwa pembe kubwa mno dhidi ya hewa inayokuja. Jambo dogo linalosaidia sana: kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kuna tundu la king'ora. Wakati wa ukaguzi, weka kitambaa safi juu yake, weka mdomo, vuta hewa. Kitalia. Kizoee ukiwa umesimama kwenye lami, ili ukikisikia angani kiwe sauti unayoijua. Kikilia, legeza usukani usiendelee kuuvuta, weka nguvu zote, weka kile kimpira cha kwenye kichupa cha kioo cha dashibodi katikati kwa pedali, na usikimbilie kupinda usukani pembeni. Mkiwa futi 3,000 juu ya ardhi, kupoteza mia mbili hivi si kitu.

Mtikisiko: panga masomo saa moja asubuhi. Jua likishapasha nyanda za Athi, kuanzia saa nne hivi, hewa inapanda kwa mafungu na ndege ndogo inarushwa. Ni kweli asubuhi ndege za safari za kwenda Mara zinajaza foleni na pesa yako inayeyuka injini ikinguruma chini, lakini bado bora hivyo. Ikitikisa, kaza mkanda wa kiunoni, shikilia mkao wa pua, na acha kimo kipande na kushuka futi mia bila kukifukuza. Vidole vikianza kufa ganzi na midomo kuwasha, unapumua haraka mno. Soma orodha ya ukaguzi kwa sauti. Mtu anayeongea hawezi kuhema.

Kwenye kutua, jifunze kughairi, yaani kuacha kutua na kupaa tena, kabla ya kujifunza kutua kwenyewe, kwa sababu ukijua mlango wa kutokea uko wapi hukazi mikono. Nguvu zote, sukuma usukani kwa makusudi maana trimu uliyoweka ya kushukia itainua pua kwa fujo, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zirudishe hadi nyuzi 20 mara moja, zilizobaki polepole ukishapanda. Kwa kimo cha Wilson, flapu zikiwa chini kabisa karibu hupandi. Hewa nyepesi pia inafanya ardhi ipite kwa kasi zaidi hata kipima mwendo kikisoma noti 65 zilezile. Usipunguze mwendo kwa kuogopa kile macho yanachokiona. Tazama mwisho wa njia, si mbele ya pua.

Usimeze vidonge vya kichefuchefu wala vya kutuliza moyo bila daktari wa anga aliyekupima afya, vingi vinasinziza. Kula kidogo, kahawa punguza. Na mwambie mwalimu kabla ya kupanda: "Leo sitaki stoli mpya, turudie za jana." Kama jibu lake ni kufoka, muone mwalimu mkuu ubadilishiwe.