Dini inapoingia hewani: kwa mtangazaji mpya wa kipindi cha simu Mbeya

Mada ya siku inaweza kuwa bei ya mbolea ya kupandia, na simu ya tatu ikakuletea dini. Msikilizaji wa Uyole atasema mvua imechelewa kwa sababu ya dhambi za watu fulani. Wa Mwanjelwa atamjibu kabla hujameza mate. Usidhani umekosea kuandaa kipindi. Unyakyusa ulianza kusikia mahubiri ya Wamoravian na Walutheri mwaka 1891, Wakatoliki wana misheni zao, misikiti ipo katikati ya mji, na makanisa ya Kipentekoste yanafunguliwa mtaa hadi mtaa. Watu wa huku husimulia maisha yao kwa lugha ya imani. Kazi yako si kuifukuza lugha hiyo hewani. Kazi yako ni kumwezesha kila mtu aseme lake bila jirani yake kuzima redio akiwa na donge kooni.

Wanaoanza kazi hii huogopa kosa moja, la kukashifu dini, na wana haki ya kuliogopa. Ila kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni kinyume chake: mtangazaji anasikia neno "mchungaji" au "shehe" anakata simu, na jambo la mtaa mzima linabaki bila kusemwa. Heshima kwa imani ya mtu haijawahi kudai kwamba matendo yake yasiulizwe.

Anza na sheria, kwa ufupi tu. Soma mwenyewe Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa. Kisha ya 19, ya uhuru wa imani. Kisha ya 30, inayosema haki hizo zisitumike kuvuruga haki za wengine. Zisome zote tatu siku moja, kwa sababu anayekuja kulalamika huwa amekariri moja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabia kosa anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Shika hilo neno makusudi. Anayelalamika kwamba michango ya ujenzi haina risiti hajamuumiza mtu kwa makusudi, hata kama wazee wa kanisa watakasirika. Kwa upande wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Kamati yake ya Maudhui, hesabu ni nyingine: leseni ni ya kituo, kwa hiyo kituo ndicho kitakachoitwa kujieleza, ingawa maneno yalitoka kwa mpiga simu.

Sasa kazi yenyewe. Kila kauli ya dini inayoingia kwa simu, jiulize haraka inalenga nini: tendo, fundisho, au watu. "Vipaza sauti vya ibada hapa mtaani vinalia mpaka saa nane usiku, watoto wanafanya mtihani kesho" inalenga tendo. Iache iende, tena msaidie mpigaji aieleze vizuri: ni siku ngapi kwa wiki, kuanzia saa ngapi, je wamekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa? Kelele zina sheria yake ya mazingira na zina NEMC, baraza la taifa la mazingira, wa kuisimamia, na hiyo haibagui baa na nyumba ya ibada. "Mimi sikubaliani na kubatiza watoto wachanga" inalenga fundisho. Hii nayo ni halali. Mwongoze aseme anachoamini yeye, badala ya kueleza wenzake wanaamini nini. "Walokole wote ni matapeli", au "Waislamu ndivyo walivyo", inalenga watu. Hapo ingia kati papo hapo.

Kuingia kati si kukaripia. Sema: "Ndugu yangu, tuambie nani alifanya nini, lini. Wengine hawamo." Mara nyingi mpigaji atashuka mwenyewe kutoka "wote" hadi tukio moja lililompata, na kumbe ndilo alilolipigia simu. Kama hana tukio, mshukuru na endelea na simu nyingine. Ukimkaripia anageuka shujaa, na simu tano zinazofuata zitakuwa za kumtetea.

Jambo linalowapa shida zaidi wageni ni miujiza, uponyaji na upako, maana tendo na imani vimekaa chungu kimoja. Wakumbuke wale watu 20 waliokufa Moshi Februari 1, 2020, wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi wakati wa kukanyaga mafuta ya upako. Mtangazaji aliyeuliza "je, mafuta yanaponya?" alijiingiza kwenye ugomvi usio na mwisho na kuwaumiza waliofiwa. Swali lililofaa lilikuwa: uwanja ulikuwa na milango mingapi ya kutokea, nani alihesabu watu, polisi waliambiwa wategemee umati wa kiasi gani? Muumini wa dhati anaweza kuuliza maswali hayo, na asiyeamini pia. Vivyo hivyo kwa kikombe cha dawa cha Loliondo mwaka 2011, pale Samunge, kilipouzwa kwa shilingi 500 na watu wakasafiri kwa maelfu. Hukuwa na haja ya kubishana kama Mungu alisema na yule mchungaji mstaafu aliyekuwa akikitoa. Ungeuliza: mgonjwa anaambiwa aendelee na dawa za hospitali au aziache? Wanaosubiri barabarani siku kadhaa wanapata wapi maji na choo? Imani inabaki kwa mwenyewe, na maelekezo yanayogusa uhai wa mtu yanaulizwa wazi. Ukilizoea swali la namna hii utaweza kuzungumza na nabii yeyote atakayekuja mjini, na waumini wake hawatakuona adui.

Suala la kuchinja lina historia nzito, na inaihusu Mbeya pia. Mapema mwaka 2013 ugomvi wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ya kuuza ulimwua mchungaji mmoja huko Buseresere, Geita. Aprili mwaka uleule Tunduma ilifukuta kwa ugomvi huohuo, na Tunduma wakati huo ilikuwa bado mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016. Simu ya kuchinja ikiingia, usiipeleke kwenye "dini gani ni safi". Ipeleke machinjioni: nani amekagua nyama, bucha imeandika nini ukutani, mnunuzi anajuaje anachonunua. Mkaribishe ofisa mifugo kabla ya kumkaribisha kiongozi yeyote wa dini. Na katika siku ambazo tayari kuna joto mtaani, usifungue simu kabisa kwa mada hii. Rekodi mahojiano, yasikilize na mhariri, ndipo yarushwe. Huko si woga. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, mabishano ya watoto wawili juu ya msahafu yaliishia kwa makanisa kuchomwa. Habari iliyokatwa nusu ilitangulia, ukweli ukafika watu wakiwa wameshaingia barabarani.

Kuhusu maandiko, shika kanuni ya kila mtu asome kitabu chake. Mihadhara ya kulinganisha dini iliyoshamiri tangu miaka ya 1980 iliwapatia wasemaji wake umaarufu mkubwa kwa kusoma kitabu cha upande wa pili ili kukivunja. Uwanjani palikuwa na waliokuja kwa hiari yao. Redioni kuna mama anayekaanga maandazi ambaye hakuchagua mhadhara. Mpigaji akinukuu kitabu kisicho chake, muulize sura na aya. Wengi hawana. Akiwa nayo, sema aya hiyo utaiuliza kwa wenye kitabu kipindi kijacho, kisha ulize kweli.

Majina nayo yana uzito. Sema Wapentekoste; "walokole" ni jina ambalo wengine hujiita wenyewe, ila likitoka kinywani kwa mtu wa nje linaweza kuchoma. Sema dini za jadi au imani za jadi, acha "wapagani". Neno kafiri lisitoke kinywani mwako kumhusu msikilizaji hata kwa utani. Salamu za wapigaji zipokee kama zilivyo: "Bwana Yesu asifiwe", "Tumsifu Yesu Kristo", "Asalaam aleikum", zote zina majibu yanayojulikana na kuzijibu hakukutoi kwenye dini yako. Ila wewe unapofungua kipindi cha kituo cha watu wote, salimia kwa salamu ya wote: habari za asubuhi, shikamooni wazee wetu. Ukitia na "ugonile" au "kamwene" hakuna atakayechukia.

Uchawi ni jambo la peke yake, na hapo hakuna mjadala. Mpigaji akitaja jina la mtu kuwa mchawi, au akisema "yule bibi wa nyumba ya pili kutoka kisimani", kata. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabia kosa anayemtaja mwenzake hivyo, na zaidi ya sheria, bibi huyo analala peke yake usiku huo. Lambalamba, wale wanaojidai kufichua na kuondoa uchawi, wakipita vijijini, zungumza juu ya fedha wanazokusanya na nyumba wanazoingia bila kibali. Jina la mshukiwa lisipite hewani hata kwa dokezo.

Upande wa mitambo, haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi. Simu isiingie hewani moja kwa moja. Mtu wa kupokea nje ya hewa aulize jina, anapiga kutoka wapi, na anataka kusema nini kwa sentensi moja. Anayeshindwa kutoa sentensi moja nje, hewani atatoa ishirini. Mpe kila mpigaji sekunde 90, na mwambie hivyo kabla hajaunganishwa. Kama kituo kina mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa, fanya mazoezi ya kubonyeza kitufe chake kabla ya zamu ya kwanza, kwa kuwa siku ya siku mkono hutetemeka. Kama hakina, kidole chako kikae kwenye kidhibiti cha laini ya simu muda wote mpigaji anapoongea.

Kukata kuna mpangilio wake: shusha kwanza sauti ya simu kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, kisha ongea, ndipo ukate laini. Wanaoanza kwa kukata laini huruhusu mlio wa simu iliyokatika kuingia hewani, wenyewe wakikaa kimya wakitafuta maneno, na ukimya huo hufanya tusi lisikike mara mbili. Omba radhi ndani ya dakika ileile: "Tumepokea maneno ya kuwavunjia heshima waumini wenzetu, tunaomba radhi." Usirudie maneno yenyewe ili kuyalaani, na usitaje dini iliyotukanwa ikiwa wengi hawakusikia vizuri. Kisha andika kwenye daftari la zamu saa na dakika, namba iliyopiga, na kilichosemwa, na hifadhi ile rekodi pembeni siku hiyohiyo kabla haijafutwa na rekodi mpya.

Meseji zisomwe kimya hadi mwisho kabla ya kuzisoma kwa sauti. Mwandishi mwenye nia mbaya huanza kwa pongezi kwa kituo na kuweka sumu katika mstari wa mwisho.

Wageni wa studioni waalike kwa kalenda yao. Shehe asiitwe Ijumaa saa saba mchana; katika Ramadhani asiitwe kati ya saa 12 jioni na saa moja na nusu, kwa kuwa huku jua huzama kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi saa moja na watu wanafuturu. Msabato usimtafute tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Ukimwalika mtu wa upande mmoja kwa mada yenye pande mbili, mwambie kabla kwamba wa pili atakuja, na ni nani. Mgeni aliyeshtukizwa studioni hujitetea kwa ukali.

Mlalamikaji atakuja, pengine akiwa na wazee watatu. Usimjibu mlangoni. Mkalishe, mpe chai, kisha sikilizeni rekodi pamoja tangu dakika mbili kabla ya maneno yaliyomuudhi. Mara nyingi amesimuliwa na mtu, na rekodi itapunguza nusu ya lalamiko lake. Nusu inayobaki ikiwa ni kosa lenu, kubali kwa kinywa chako mbele yao, na mpe nafasi ya kujibu kesho yake saa ileile, kwa sekunde zilezile 90 anazopewa kila mtu.