Turubai limeibwa mpakani: dereva akatwe mshahara wote?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Mwezi uliopita nilikaa foleni ya Tunduma siku tano, na usiku mmoja wezi walikata kamba wakaondoka na turubai. Niliporudi, tajiri alizuia mshahara wangu wote bila barua wala kunisikiliza, akisema posho ya safari inanitosha. Je, ana haki hiyo?
Dereva, Mbagala

JIBU: Ndugu dereva, hana. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, naye awe amekueleza kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna alivyokikokotoa, kisha akupe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayapaswi kuzidi robo ya malipo yako ya fedha: anayelipwa shilingi 600,000 asikatwe zaidi ya 150,000. Deni nalo halipaswi kuzidi hasara halisi, kwa hiyo turubai lililokwisha kujaa viraka lisidaiwe kwa bei ya jipya. Tena, ikiwa ulisinzia kwenye kebini baada ya kuendesha mchana kutwa, huku hukupewa utingo wala fedha ya maegesho yenye mlinzi, mimi sioni kosa lako liko wapi.

Posho ni ya kula na kulala njiani. Haichukui nafasi ya mshahara. Madereva wengi hupunjika hapo bila kujua, wakifurahia posho nono juu ya mshahara kiduchu, ilhali michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, yaani asilimia 20 ya mshahara ambayo wewe hukatwi zaidi ya 10, hufuata mshahara, si posho. Omba taarifa ya michango yako uone kama inafika.

Mwandikie tajiri barua ya madai, ubaki na nakala. Akikaa kimya, jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, ukiambatisha taarifa ya benki, nyaraka za safari na RB, yaani namba ya taarifa ya wizi, ya polisi wa Tunduma. Akikufukuza kwa sababu umedai, usizihesabu tena siku hizo 60: madai ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30.