Maswali ya Wasomaji: Mnandi Mdogo

SWALI: Hapa mwaloni Mwanza kuna ndege mweusi, mdogo kuliko wanandi wengine, mwenye mkia mrefu na macho mekundu. Akitoka majini hukaa juu ya jiwe mabawa wazi kama nguo iliyoanikwa. Wavuvi wanasema hana mafuta ya manyoya. Ni kweli?

JIBU: Huyo ni mnandi mkia-mrefu. Urefu wake ni sentimeta 50 hadi 55 tu, na mkia wake ni mrefu kwa umbo lake. Usimchanganye na mbizi, mwenye shingo ya nyoka na mdomo ulionyooka kama sindano. Mdomo wa mnandi umepinda nchani kama ndoana.

Mafuta anayo, tezi yake iko juu ya mkia. Siri iko kwenye unyoya wenyewe. Ukiutazama kwa karibu, kingo zake zimeachana na hunywa maji, ila sehemu ya katikati imeshikana na haipitishi. Hivyo nje analowa, ngozini anabaki mkavu. Kulowa huko ni faida: bata huelea kama kifuniko cha chupa, mnandi huzama bila kuhangaika. Husukumwa na miguu, maana vidole vyote vinne vimeunganishwa kwa utando. Gharama yake ndiyo hiyo ya kujianika, kwani manyoya yaliyolowa ni mazito kurukia.

Msimu wa kuzaa huwa mweusi wa kung'aa na huota kishungi kifupi juu ya paji. Nje ya msimu, na akiwa mchanga, tumbo hupauka. Mayai huwa 3 au 4, na wazazi wote wawili huatamia kwa siku 23 hadi 25. Kinda hulishwa kwa kutumbukiza kichwa ndani ya koo la mzazi. Si jambo la kupendeza kulitazama.

SWALI: Mnandi huyu anamaliza vifaranga vya sato bwawani kwangu. Nifanyeje?

JIBU: Yeye hutafuta samaki wa urefu wa kidole kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo bwawa la vifaranga ni meza iliyoandaliwa. Walee kwanza kwenye kibwawa kidogo unachoweza kukifunika chote. Tumia wavu wa uzi mnene, matundu yasizidi inchi 2, ukazwe kwenye nguzo mpaka usibonyee, kingo zifike chini. Wengi hutandaza nyavu kuukuu za makila, zile za kutegea samaki, zikiwa zimelegea. Ndege hunasa na kufa humo, na panapolegea wenzake hupenya. Sato akishapita ukubwa wa kiganja, mnandi huyu hamuwezi.