Maswali ya Wasomaji: Binti Anayetaka Kutafiti Kifua Kikuu

SWALI: Mhariri, hujambo? Binti yangu amemaliza shahada ya biokemia hapa Nairobi, kisha akakataa kazi ya kuuza dawa kwa sababu anataka kusomea kinga ya mwili ili atafiti kifua kikuu. Shemeji yangu alitibiwa ugonjwa huo kwa miezi 6 akapona kabisa. Je, kimebaki nini cha kutafiti? Na binti yangu atajitegemea lini? — Mzazi, Kayole

JIBU: Sijambo, mama. Miezi 6 ya shemeji yako ni matunda ya utafiti, na sehemu yake ilifanyika huku kwetu. Zamani mgonjwa alimeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, hadi watafiti wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walipoonyesha katika matokeo waliyoanza kuyachapisha mwaka 1972 kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dawa za kawaida, muda huo unaweza kufupishwa sana.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023 na milioni 1.25 wakafariki. Takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa ugonjwa huu, lakini katika kila 100 walioambukizwa ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Kwa nini hawa na si wale? Hilo ndilo swali linalomvuta binti yako, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maswali magumu zaidi katika tiba.

Bakteria akivutwa hadi mapafuni humezwa na seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeng'enya vijidudu, lakini yeye huzuia mmeng'enyo huo na kufanya makao ndani ya seli iliyommeza. Mwili huleta seli nyingine kumzingira, na baadhi yake, ziitwazo seli T, hutoa kemikali ya intaferoni gama inayozipa nguvu zile zilizommeza. Mengi ya haya yalithibitishwa pale kinga iliposhindwa. Virusi vya UKIMWI vinapoangamiza seli za CD4, ambazo ni aina ya seli T, maambukizi yaliyolala huamka. Watoto waliozaliwa na kasoro katika njia ya intaferoni gama huweza kuugua hata kutokana na BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai waliodhoofishwa. Na mwaka 2001 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa ya kuzuia TNF, protini ya kinga ya mwili, walipata kifua kikuu.

Pamoja na ujuzi huo, bado hakuna kipimo cha damu kinachotuambia mapema na kwa uhakika kwamba chanjo fulani itakinga. Chanjo ya MVA85A, iliyobuniwa Oxford na kundi la Helen McShane, iliamsha seli T vizuri, lakini ilipojaribiwa kwa watoto wachanga wapatao 2,800 nchini Afrika Kusini, matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha kinga ya maana zaidi ya ile ya BCG. Watu huliita jaribio kama hilo hasara. Mimi siliiti hivyo, maana liliwalazimu wanasayansi kuacha kutegemea kipimo kimoja. Baadaye chanjo ya M72/AS01E, iliyojaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Zambia na Afrika Kusini, ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu katika miaka 3, na jaribio kubwa zaidi lilianza mwaka 2024.

Kuhusu muda, sitakuficha. Uzamili ni kama miaka 2, uzamifu ni 3 au 4 na mara nyingi huzidi, kisha hufuata miaka chini ya mtafiti mwingine, mshahara ukitegemea ruzuku yenye mwisho. Bakteria mwenyewe hana haraka: hugawanyika mara moja kwa siku hivi, kwa hiyo kumwotesha maabarani huchukua wiki kadhaa. Usihofu sana kuhusu kuambukizwa, kwa kuwa bakteria hai hushughulikiwa katika maabara maalumu ambazo hewa yake hudhibitiwa isitoke ovyo.

SWALI: Je, ni lazima mtafiti wa kifua kikuu awe daktari? — Mwanafunzi, Umoja

JIBU: Hapana. Camille Guérin, aliyeitengeneza BCG pamoja na daktari Albert Calmette huko Lille, alikuwa daktari wa mifugo. Tangu 1908 hadi 1921 walimwotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe upya mara 230 hadi akapoteza makali. Mwanabiokemia, mtakwimu na muuguzi wote wana nafasi, iwe ni Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) au Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya kujisajili kwa uzamili, muulize msimamizi wako sampuli za wagonjwa zitatoka wapi, kama kibali cha kamati ya maadili kimepatikana, na nani atalipia vitendanishi, yaani kemikali za maabara, kwa sababu wanafunzi wengi hukwama hapo na si kwenye mitihani.