Swali la Lugha: Hofu Haipigwi Vita

Muuguzi mmoja wa kituo cha afya wilayani Muheza ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Tunaandaa kijitabu cha kurasa chache kwa ajili ya watu wenye hofu kali, ya sindano, ya nyoka, ya kupanda lifti wanapopelekwa hospitali ya mkoa. Mwenzangu ameandika jaladani 'Pambana na Fobia Yako'. Mimi naona fobia si Kiswahili, heri tuandike 'woga'. Naomba utuamue."

Marahaba, mwanangu. Nitajibu ulichouliza, kisha nitaligeukia neno ambalo hamkuligombania, kwa kuwa nyote wawili mmelipita kana kwamba halina dosari, nalo ndilo lililoninyima raha tangu niisome barua yako.

Fobia limekwisha kuwa neno letu kwa njia ile ile yaliyoingilia saikolojia na homoni. Asili yake ni Kigiriki, phobos, ambalo katika tenzi za Homer, mshairi wao wa kale, lilikuwa na maana ya kutimua mbio vitani kabla halijawa hofu yenyewe. Hofu tumelipata kwa Waarabu, na katika maandishi ya zamani utalikuta limeandikwa khofu. Woga ni la Kibantu, ndugu wa ogopa na ogofya. Tofauti inayowahusu ninyi ni kwamba hofu humpata yeyote, shujaa naye, lakini woga ni tabia, na mwenye nayo huitwa mwoga. Tunasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na bado sijaona mtu aliyefurahi kuitwa mwoga. Mama aliyezaa watoto watano nyumbani, kisha akazirai kwa kuiona sindano, si mwoga, na kijitabu kitakachomwita hivyo atakirudisha mezani kwenu kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Kwa hiyo andikeni hofu kila mahali, na fobia pale tu mnapoieleza kuwa ni hofu iliyoipita mbali hatari yenyewe na kumvurugia mtu maisha yake, ambayo kwa kawaida, kwa mujibu wa mwongozo wa utambuzi wa maradhi ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, huwa imedumu miezi 6 au zaidi. Wala isiwe "hofu dhidi ya sindano". Ni hofu ya sindano, au kwa uzuri zaidi, kuogopa sindano.

Sasa nije kwenye pambana. Kitenzi hiki kimeota kila mahali kama magugu. Tunapambana na umaskini, tunapambana na malaria, tunapambana na uzito wa mwili, tunapambana na foleni, na sasa kila kitabu cha ushauri ninachokiokota kwenye meza za wauza vitabu kando ya barabara kinaniamuru nipambane na hofu, niishinde, niivunje, niiangamize. Kwa malaria nimekwisha kunyamaza, maana mbu yuko nje yangu na naweza kumpiga. Hofu haiko nje. Angalieni kitenzi chenyewe: kile kiambishi -na cha mwisho, kama katika pigana na shindana, kinataka pande mbili zikutane uso kwa uso. Anayeambiwa apambane na hofu yake anaambiwa ajigawe, nusu yake iipige nusu nyingine, na nusu yoyote itakayoanguka ni yeye mwenyewe aliyeanguka.

Hili lingekuwa suala la ladha tu kama tiba yenyewe ingekuwa vita. Lakini someni vitabu vya fani hii na mtaona kwamba karibu kila kilichofaa kilikwenda kinyume cha vita. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha habari za mtoto aitwaye Peter, wa umri wa miaka 2 na miezi 10, aliyekuwa akimwogopa sungura. Kwanza mtoto hakumvumilia mnyama huyo popote chumbani, hata akiwa ndani ya tundu. Kisha akamvumilia akiwa umbali wa futi 12, kisha futi 4, kisha futi 3, kisha tundu likawekwa karibu naye, kisha sungura akaachiwa huru chumbani. Katika sehemu ya safari hiyo mtoto alikuwa akipewa chakula anachokipenda huku tundu likisogezwa, na mwisho aliweza kumwacha sungura amtafune-tafune vidole. Hakuna aliyemwambia Peter awe jasiri. Kilichofanyika kina jina kwa Kiswahili, jina la siku zote lisilohitaji kamati ya istilahi: alizoezwa.

Katikati ya kazi hiyo Peter aliugua akalazwa hospitali, akakosekana kwa miezi miwili, na siku ya kuondoka huko mbwa mkubwa akamrukia yeye na muuguzi wake walipokuwa wakiingia kwenye teksi. Aliporudi, hofu ilikuwa imepanda tena karibu na pale ilipoanzia. Hapa ndipo ninapotaka mpime maneno mawili. Kwa lugha ya mapambano, Peter ameshindwa: uwanja wote alioutwaa umechukuliwa, na mgonjwa anayejisomea hivyo kuhusu nafsi yake atakikunja kijitabu na kulala. Kwa lugha ya mazoea, amezoea, akazoeleka, akakatishwa, sasa anazoezwa upya. Mazoea hukatika na huungika. Mke wangu akikaa miezi mitatu bila kupika kwa kuni, moshi humtoa machozi kama mgeni, na hakuna mtu nyumbani kwetu anayesema ameshindwa vita na jiko.

Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliijua vita halisi, kwa kuwa alikuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili na aliwatibu askari waliorudi na hofu zisizowatoka. Tiba aliyoieleza katika kitabu chake cha 1958 haikuwa ya kishujaa hata kidogo: mtu hufundishwa kwanza kuulegeza mwili, kisha huzipanga hofu zake kama vidato vya ngazi kuanzia ndogo kabisa, na hakipandi kidato cha pili mpaka cha kwanza kiwe hakimshtui tena. Na Claire Weekes, daktari wa Australia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962 kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, alikataza waziwazi kupigana. Alieleza kwamba kuna hofu ya kwanza inayokuja yenyewe, na hofu ya pili tunayoiongeza sisi kwa kuishtukia ile ya kwanza. Ushauri wake ulikuwa vitenzi vinne: kukabili, kukubali, kuelea, na kuuacha muda upite.

Nimekaa sana na hicho kitenzi cha tatu. Kuelea kwetu ni chombo kukaa juu ya maji bila kuzama, na pia ni jambo kumwingia mtu akilini, ndiyo maana tunasema limenielea. Nilikulia Pangani, na nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi wimbi liliniangusha nikanywa maji ya chumvi hata nikawa silikaribii tena pwani. Watoto wenzangu waliniita mwoga. Bibi yangu mzaa mama alinichukua maji yakiwa yamekupwa, akaniketisha mahali ambapo povu lilifika kwenye vidole vya miguu tu, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma, akaanza kusuka ukili wake. Siku iliyofuata tuliketi hatua mbili mbele. Baada ya siku nyingi nilikuwa nimelala chali juu ya maji, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo wangu, naye akiniambia, "Usitapetape, yazoee, yatakubeba." Kila nilipokaza mwili nilizama, na kila nilipoulegeza niliinuka. Hakuwa amesoma habari za Peter wala za Wolpe. Alikuwa na kitenzi sahihi, nacho kilitosha kuiongoza mikono yake.

Sisemi pambana ni kosa la sarufi. Nasema linamwelekeza mgonjwa mahali pabaya, na katika kijitabu cha tiba hilo ni kosa kubwa kuliko la sarufi. Akiambiwa apambane, atakaza meno siku ya chanjo, atavumilia kwa kujilazimisha au atakimbia, na kila akimbiapo hofu hupata nguvu mpya, kwa kuwa hajakaa nayo muda wa kutosha kuona kwamba lile alilolitazamia halikutokea. Wagiriki wa Homer walikuwa na haki ya kuiita hofu kwa jina la mbio.

Kwa upande wa sindano nina jambo la kuongeza ambalo wewe muuguzi unaliona kila siku. Wapo ambao shinikizo la damu huwashuka ghafla wakiiona sindano au damu, wakazirai. Hao, tofauti na wengine wote, hufundishwa kukaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde chache na kuiachia, mara kadhaa, ili shinikizo lipande. Kwao andikeni kukaza, kwa maana yake halisi ya mwili, na muwatenge katika ukurasa wao, ili yule anayeogopa lifti asidhani kwamba naye anatakiwa akakamae.

Kukabili lipo pia, nalo ni zuri, kwa kuwa ni kuelekea kitu uso kwa uso bila lazima ya kukipiga. Litumieni kwa kiasi. Lakini jaladani nawaombeni muandike "Kuizoea Hofu Kidogo Kidogo". Mwenzako atasema halina mshindo, na atakuwa amesema kweli. Mwambie kwamba mtu atakayekipokea kijitabu hicho moyo wake tayari unapiga mshindo wa kutosha. Kisha pitieni kurasa za ndani, na kila mlipoandika "aliyeshindwa" muweke "aliyekatisha mazoezi", na neno mwoga lisionekane hata mara moja.