Trekta la mtumba: likague likiwa baridi

Kaka, umeuliza kama trekta dogo la mtumba kutoka Japani, la hospawa 24, litamudu ekari zako 12 za mpunga kule Mbarali. Litamudu, mradi magurudumu yote manne yavute. La kuvuta mawili litakulaza jarubani.

Siku ya kukagua fika mapema, ushike boneti. Ikiwa ya moto, limewashwa kabla hujafika, na pengine linasumbua kuwaka asubuhi. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, aga uondoke. Nyanyua rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka, lililofungwa nyuma) juu, zima injini, piga stori dakika kumi. Ikishuka yenyewe hadi chini, haidroliki, yaani mfumo wa oili unaoinyanyua, imechoka.

Mita ya masaa, inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, usiiamini. Langu lilisoma 900, nami nikafurahi, kumbe raba ya pedali ya klachi imelika hadi chuma, dalili ya kazi nyingi kuliko hiyo. Klachi haikumaliza msimu. (Vibandiko vyote vya Kijapani, gia ya nyuma niliitafuta kwa kubahatisha!)

Ukishalinunua, kila asubuhi pima oili na maji, na upulize makapi kwenye rejeta. Chujio la hewa huziba haraka kwenye vumbi. Dizeli ya madumu ichuje kwa kitambaa. Jioni toa nyasi na kamba zilizojiviringa kwenye ekseli na shafti ya rotaveta. Hizo ndizo hukata sili (raba za kuzuia oili kuvuja), tope likaingia kwenye beringi. Na filta za akiba nunua kabla ya mvua.